Homa Kidogo

Didia, Jumapili alasiri

Kabula mwanangu,

Umetoka na shangazi yako kuwaaga watu wa ng'ambo ya mto, nami nimebaki hapa na kalamu. Kesho alfajiri lori la pamba litakupeleka mpaka stesheni ya Shinyanga, na gari moshi litakufikisha Tabora kwenye chuo cha ualimu. Habari za blanketi, sabuni, na watu wa kuwakwepa njiani, shangazi yako amekwisha kuzisema, tena kwa sauti ambayo hata mbuzi wameisikia. Mimi sizirudii. Nina jambo moja tu, na hilo moja limenishinda kulisema kwa mdomo tangu masika.

Siku ile ya masika ulinipa daftari lako nisome. Ulikuwa umeandika habari za kifo cha mama yako, ukitaka kuzipeleka kwenye gazeti linalochapa maandishi ya wasomaji. Nilisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika ukurasa wa tatu nikalifunga daftari, nikakurudishia, nikasema, "Mambo ya nyumbani hayaandikwi."

Ulisema, "Ndiyo, baba." Hukulia, wala hukuuliza kwa nini. Ulikwenda kutwanga.

Tangu siku ile sijakuona umeshika kalamu. Zamani nilikuwa nikiingia nakukuta umekaa chini ya dirisha, magoti yamekuwa meza, midomo inatembea. Ndiyo maana nilizoea kukohoa kabla ya kuingia, ili upate nafasi ya kumaliza sentensi yako. Sasa nakohoa, naingia, nakukuta unapepeta choroko kama mtu aliyezaliwa kwa ajili ya choroko tu. Unaniambia, "Karibu, baba," nami naketi, natazama choroko.

Sitaki upande gari moshi ukiwa umelibeba lile neno langu. Nataka kulichukua kwako kabla hujaondoka. Lakini sitaweza kulichukua bila kukueleza lilikotoka, na huko ni mbali kidogo, kwa hiyo univumilie.

Unajua kwamba ulipokuwa mdogo mimi nilikuwa machimboni upande wa Geita. Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kwa ukame, na vita vilikuwa vimemalizika, na watu wa kila kabila walikuwa wakienda huko kutafuta kazi ya dhahabu. Mimi nilikuwa na miaka minne ya shule ya misheni, basi sikushuka shimoni. Nilifanywa karani wa taa. Asubuhi wachimbaji walipanga foleni kwenye kidirisha changu, kila mtu akitaja namba yake, nami nampa taa yake ya kabaidi. Jioni walizirudisha, nami nikatundika kila taa kwenye msumari wenye namba yake. Msumari uliobaki bila taa ulimaanisha mtu hajatoka, na mimi sikuweza kufunga kidirisha mpaka msumari ule umepata taa yake. Nilijifunza kungoja pale. Kazi nyingine zote nilizofanya maishani zilikuwa rahisi kuliko kutazama msumari.

Jumapili niliwaandikia watu barua. Wengi hawakujua kusoma, na mimi nilikuwa na mwandiko unaosomeka. Walikuwa Waha, Wanyamwezi, Wafipa, watu wa Nyasa, Wazinza wa hapo hapo. Mimi na wao tulikutana kwenye Kiswahili, kila mtu na kilema chake. Na kanuni ya barua niliijua kama nijuavyo Baba Yetu. Kwanza salamu. Kisha mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwako. Kisha habari njema. Kisha haja yako. Kisha salamu kwa kila mtu kwa jina lake, usimsahau hata mmoja, maana aliyesahauliwa hatakusamehe.

Habari mbaya hazikuwamo. Wewe umekua ukiijua desturi hiyo: habari mbaya hupelekwa na mtu. Anafika, anakaribishwa, anakaa, anapewa maji ya kunywa, ndipo anasema, na watu wapo karibu wa kumshika aliyeambiwa. Karatasi haina mikono ya kumshika mtu. Mpaka leo sioni kama desturi hiyo ni mbaya. Kosa langu ni kwamba niliigeuza kuwa mahali pa kujifichia.

Mtu alikuja akaniambia, "Mwambie mguu wangu ulivunjwa na jiwe." Nikaandika: niliumia mguu kidogo. Mwingine akasema, "Mwambie mama nakohoa mpaka naona giza." Nikaandika: nina kikohozi kidogo. Fundi seremala ana randa yake, mimi nilikuwa na neno "kidogo". Nalo nililainisha kila kitu. Watu walinishukuru, kwa sababu nilipowasomea barua zao zilisikika kama barua za watu wenye heshima.

Mmoja tu alinikatalia. Aliitwa Kasimu, mtu wa Ujiji, mrefu, mwenye maneno. Alikuja Jumapili moja amebeba kigoda chake mwenyewe, akakaa mbele yangu na foleni nzima nyuma yake.

"Karani, andika."

"Tuanze na salamu, bwana Kasimu."

"Salamu weka zako zozote, hizo unazo nyingi. Andika: Mwajuma, nimekonda. Suruali nafunga kwa kamba."

Nikaandika. Akasema, "Soma." Nikasoma: "Nimepungua mwili kidogo."

"Nani kasema kidogo?"

"Ndivyo barua zinavyoandikwa, bwana. Mkeo akisoma atashtuka."

"Mke wangu hajui kusoma. Atasomewa na mdogo wake, na yule naye ni mpole kama wewe, atapunguza hapo hapo kwenye kidogo yako. Mpaka ifike kwa Mwajuma, mimi nitakuwa nimenenepa!"

Foleni yote ikacheka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Karani, mwache mwenzio akonde!" Nikaona haya, nikakata maneno yangu, nikaandika yake. Akaendelea: "Andika, nalala nikitetemeka, na chakula nakiona kama udongo. Andika, naogopa."

Nikainua kalamu. "Na hilo la kuogopa pia?"

"Kwani wino utakataa?"

Niliandika naogopa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliandika neno hilo kwenye barua ya mwanamume, na mkono wangu ulikwenda polepole kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Majuma sita baadaye mwanamke mmoja alisimama kwenye kidirisha changu. Alikuwa ameshuka Nkome, ufukweni mwa ziwa, na mashua ya wauza dagaa, akapanda lori, na alinuka dagaa tangu kichwani mpaka miguuni. Kwapani amembana kuku.

"Nani karani aliyeandika barua ya Kasimu?"

Nikajua nimekwisha. "Ni mimi, mama."

Akanitazama. "Mwandiko wako mbaya," akasema. "Lakini nilimsikia mume wangu."

Alimchukua Kasimu, akaondoka naye juma lile lile, huku akimgombeza njia nzima mbele ya watu kwa kukonda bila ruhusa. Baadaye nilisikia kwamba Kasimu anauza mawese kwao na amenenepa kweli. Mimi na wenzangu tulicheka sana habari ya Mwajuma na kuku wake. Tukasema, watu wa Ujiji hawana simile. Kisha Jumapili iliyofuata nikarudi kwenye kazi yangu ya kulainisha.

Sasa nakuja kwetu.

Kabla sijaondoka nyumbani nilimfundisha jirani yetu Lukas kuandika barua, ili mama yako asikose wa kumwandikia. Lukas alikuwa amesoma miaka miwili tu. Tulikaa uani jioni nyingi, mimi namsomea, yeye anaandika. Nilimfundisha kanuni ile ile. Nilimwambia, "Lukas, habari mbaya usiandike. Ikiwapo, punguza, halafu tafuta mtu wa kuja kunieleza kwa mdomo." Alinitii kama wanafunzi wazuri wanavyotii. Agizo hili la kupunguza hukulijua. Sikumwambia mtu yeyote.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa wewe ulikuwapo. Ulikuwa na miaka saba, umekaa kando ya mama yako unabangua karanga, na Lukas ana karatasi pajani. Uliyaandika maneno ya mama kwenye daftari lako, nami nayakumbuka mpaka leo kama ulivyoyaandika: "Mwambie arudi. Mwambie kichomi kimenibana, na kisimani siendi tena, anakwenda mtoto. Mwambie asingoje mwisho wa mwezi."

Barua iliyonifikia ilisema hivi: "Sisi sote hapa ni wazima wa afya, hofu yetu ni kwako. Mvua ni nzuri. Mtama umesimama. Mama Kabula ana homa kidogo lakini anaendelea. Anakusalimu sana na anakukumbuka."

Lukas alitafuta mtu wa kunijia kwa mdomo, asimpate. Masika ilikuwa imekata barabara na malori yalikuwa yamesimama; ni tarishi wa posta tu aliyepita, kwa miguu. Mimi niliisoma barua ile nyuma ya kidirisha, nikafurahi habari ya mtama, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaendelea kugawa taa. Nilijibu kwamba nimefurahi kusikia kuwa mko wazima.

Siku nyingi hazikupita, mjomba wako alikuja. Alikuwa ametembea siku tatu kabla ya kupata lori. Hakupanga foleni. Alisimama pembeni ya wachimbaji, matope yamemfika magotini, akangoja nimwone. Nilipomwona nikaita, "Shemeji! Umefikaje huku?" Mkononi nilikuwa na taa ya mtu.

Akasema, "Masanja, weka taa chini kwanza."

Basi. Hakuna aliyehitaji kuniambia zaidi. Walikuwa wamekwisha kumzika.

Nilipofika nyumbani nilikwenda kwa Lukas kabla hata sijakaa. Watu walikuwapo wengi, wa msiba. Nilimpigia kelele mbele yao. Nilimwita mjinga, nikasema ameniulia mke. Alisimama mikono imelegea. Alinijibu neno moja, kwa sauti ya chini, ambalo nadhani ni mimi tu niliyelisikia: "Niliandika kama ulivyonifundisha."

Sikuwaambia watu alichosema. Niliwaacha waamini kwamba kosa ni la Lukas. Waliamini, na hakuna mtu hapa Didia aliyempelekea tena barua ya kuandika. Umemwona wewe mwenyewe miaka yote hii, anapita nje ya ua wetu akiwa ametazama upande wa pili. Labda ulidhani ni mtu wa majivuno.

Machimboni sikurudi. Nilikaa hapa na wewe, nikajifunza kupika mlenda vibaya, nikajifunza kukusuka vibaya zaidi, mpaka shangazi yako akaingilia kati. Na nilitaka kuandika. Nilitaka kuandika kila kitu cha mama yako kabla hakijanitoka. Nilikwenda Shinyanga, kwenye duka la Mhindi, nikanunua daftari nene lenye jalada gumu jeusi, zuri mno. Nikaliweka sandukuni nikingoja siku nzuri. Nilitaka siku isiyo na kilimo, yenye meza, yenye kichwa kilichotulia, na mimi niwe nimejua sentensi ya kwanza. Nilingoja miaka mitatu. Siku nilipofungua sanduku, mchwa walikuwa wameingia kwa chini wakalila lote. Wamekula daftari tupu, mwanangu. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikageuka.

Kesho yake asubuhi nilipoinjika uji, nilichukua karatasi ya sukari, nikaandika upande wake wa ndani: "Alikuwa akifunga mlango kwa kisigino, mikono imejaa kuni." Uji ukatokota, nikaacha. Ilikuwa hiyo tu. Siku ya pili: "Akimaliza jambo alisema haya basi, hata kama jambo lenyewe limeharibika." Siku ya tatu sikukumbuka kitu chochote, na nilitaka kuacha. Nikaandika: "Leo sikumbuki." Siku ya nne nikakumbuka kwamba hakuogopa nyoka wala fisi ila jogoo mmoja mwekundu wa jirani, na alikuwa akizunguka nyumba nzima asikutane naye.

Nimefanya hivyo mpaka leo. Wakati wangu ni uji unapochemka, kwa sababu uji haungoji, na mimi nikipewa nafasi ya kungoja nitangoja. Siandiki nikijisikia vizuri tu. Asubuhi nyingi naandika nikiwa sina hamu hata kidogo, na nikizisoma baadaye siwezi kutofautisha siku za hamu na zile nyingine. Kuna majuma niliugua nikaacha. Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kuanza, maana nilitaka kulipia siku zilizopotea kwa kuandika ukurasa mzima, na ukurasa mzima ukanishinda, nikaacha tena. Niliporudi kwenye mstari mmoja ndipo niliporudi kweli. Sijui kama wewe utakuwa hivyo. Huko chuoni kuna kengele na uji wa watu wengi. Utapata saa yako wewe mwenyewe.

Lakini kuna kitu ambacho mistari ile haikunipa, na ndicho ninachotaka kukueleza. Kwa miaka saba niliandika kisigino, na jogoo, na haya basi. Sikuandika kamwe barua ya Lukas. Kila asubuhi niliipita kwa mbali, kama mama yako na jogoo wake. Nilidhani ujasiri ni wa watu kama Kasimu, watu warefu wenye sauti, wanaozaliwa nao. Mimi sikuzaliwa nao. Ndipo wewe, mtoto wa miaka kumi na saba, ukaja na daftari, na ndani yake umeandika yale yale niliyoyapita, kwa mwandiko mzuri, bila kupaza sauti hata mahali pamoja. Nikaona woga wangu umeandikwa na mtu mwingine. Nikalifunga daftari.

Barua ya chuo ilipokuja nikajua siku zangu zimehesabiwa. Nikaanza kukuandikia barua hii, asubuhi, wakati wa uji. Siku ya kwanza nilifika kwenye "mambo ya nyumbani hayaandikwi" nikaishia hapo, nikaitia motoni. Siku ya pili nilifika kwa Kasimu, kwa kuwa Kasimu anachekesha. Siku ya tano ndipo niliweza kuandika kwamba nilimfundisha Lukas, na nilipoliandika nikatazama nyuma kama kuna mtu. Jambo nililoshindwa Jumatatu, Jumanne niliweza nusu yake. Sikupata ujasiri wowote mpya, Kabula. Nilirudi tu mahali pale pale kesho yake, na pale mahali palikuwa pamenizoea kidogo.

Jana nilikwenda kwa Lukas. Nilimkuta shambani anachuma pamba, mgongo umeinama, ameanza kuota mvi. Nikamwamkia. Akaniitikia bila kuinuka. Nikasema, "Lukas, nimekuja kwa ajili ya neno lako la siku ile ya msiba. Ulisema kweli, na mimi nililificha."

Aliendelea kuchuma. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Baba Kabula, miaka kumi."

"Ndiyo."

"Mke wangu mwenyewe anapokea barua za mwanawe, anampelekea katekista amsomee. Nami nimo ndani."

Nikamwambia kwamba ninakuandikia wewe habari hii yote, na kwamba huenda siku moja ukaiandika watu wakaisoma, na jina lake litakuwamo.

Akainuka, akajishika kiuno. "Atasema nilikuwa mjinga?"

"Atasema ulikuwa mwanafunzi wangu."

Akapangusa mikono kwenye suruali. "Basi aandike na hili," akasema. "Aandike kwamba mama yake aliponieleza yale, mimi nililia. Karatasi ililowa, nikachukua nyingine." Kisha akanisukumia kikapu kwa mguu. "Usisimame hapo kama hakimu. Shika mstari huo."

Tulichuma mpaka jua likawa kali. Sidhani kwamba amenisamehe. Leo kanisani sikumwona.

Sasa, mwanangu, nimesoma tena kurasa hizi tangu mwanzo, kwa sauti, kama Kasimu alivyonilazimisha. Kuna mahali sauti iligoma. Hapo juu nimeandika kwamba niliisoma barua ya mama yako, nikafurahi habari ya mtama, nikaikunja nikaitia mfukoni. Nimeandika kikarani. Nitaandika upya.

Niliisoma barua ile nikafika kwenye "homa kidogo", nikasimama. Nililitambua neno lile kama mtu anavyolitambua shati lake mwenyewe limevaliwa na mwingine. Mimi ndiye niliyeandika kidogo kwa miguu iliyovunjika na vifua vilivyooza. Hakuna mtu machimboni kote aliyejua kuliko mimi ukubwa wa kidogo. Kwa muda wa kama pumzi mbili nilijua kwamba mama yako ni mgonjwa sana. Lakini nilikuwa nimeahidiwa ukarani mkuu wa taa, na nyumba ya matofali ambamo ningewaleta ninyi wawili, na mkuu wetu alikuwa atoe jibu mwisho wa mwezi. Nikajiambia, imeandikwa kidogo. Ndipo nikaikunja.

Katika ukurasa wa tatu wa daftari lako kuna sentensi fupi peke yake, umeiachia nafasi juu na chini. Umeandika: "Baba hakujua."

Hapo ndipo nilipofunga daftari. Ulidhani nimekukasirikia kwa kutoa mambo ya nyumbani nje. Sivyo. Kila sentensi nyingine niliyoisoma ulikuwa umeiandika kama ilivyokuwa, hata ile ya wewe kumwaga maji ya kisimani ukaogopa kumwambia. Hiyo moja uliiandika kwa huruma, kwa ajili yangu. Uliipunguza. Nikaona ufundi wangu umefika kwako bila mimi kukufundisha, nikatishika, na badala ya kukuambia hivyo nikakuambia uache kuandika.

Kwa hiyo neno langu la masika nalirudisha. Daftari liko pale ulipoliweka, nyuma ya mtungi, chini ya kipande cha gunia. Sikuligusa. Lifungashe. Ukifika Tabora, saa yoyote utakayoipata, fungua ukurasa wa tatu, ukate ile sentensi, uandike kwamba baba yako alijua. Usiongeze sababu zangu, za nyumba ya matofali na ukarani mkuu, ila ukiona zinafaa hadithi yako. Hizo zangu nitazibeba mwenyewe. Mkono ukikataa siku ya kwanza, andika kitu kingine, ufunge, urudi kesho.

Ukimaliza, lipelekee gazeti lolote unalotaka. Hakuna haja ya kunionyesha kwanza. Nitakuwa hapa, na nitaisoma siku watakapoisoma watu wengine, nami nitakuwa nimekaa peke yangu, na naogopa siku hiyo, Kabula. Naiogopa sana. Iandike hivyo hivyo.

Nawasikia mnarudi, shangazi yako anaimba. Naikunja barua hii kabla sijabadili kitu.

Baba yako,
Masanja